Dawa za Mifukoni mwa Wateja

Mimi ni mpiga pasi. Nasema mapema ili mtu asije akaniuliza cheti changu cha udaktari kiko wapi, maana jina la Daktari nilipewa, sikujipa. Nimesimama nyuma ya meza ya pasi katika duka letu la dobi miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo nimetibu mafua, vikohozi, majipu na matumbo ya nusu ya mtaa. Nani alikufa? Hakuna. Ndiyo maana nilikuwa na jeuri, na mtu akinibishia nilikuwa namkata jicho mpaka anasahau kilichomleta.

Dawa nilizitoa wapi? Mifukoni. Kazi ya dobi inaanza na mifuko. Kabla nguo haijaingia kwenye mashine lazima kila mfuko ugeuzwe nje, la sivyo kalamu moja itaharibu mashati ishirini, na hapo utatafutana na wenyewe. Tulikuwa tukiigeuza sisi wawili, mimi na Mzee Povu, mtu wa mashine, aliyepata jina hilo kwa sababu hajawahi kupima sabuni hata siku moja. Funguo tulizitundika msumarini. Vitambulisho bosi alivifungia kwenye droo. Kwa vile mwenye funguo hurudi na mwenye kitambulisho hurudi mbio, hivyo havikutupa shida.

Lakini vidonge! Hakuna mteja aliyewahi kurudi kuulizia kidonge chake. Watu wanaandikiwa ishirini na moja, wanameza tisa, homa inashuka, na vilivyobaki vinatembea na suruali mpaka kwetu. Bosi alisema tuvitupe. Weee! Wataalamu wakeshe wakitengeneza dawa, halafu mimi niitupe kwenye pipa pamoja na nyuzi na makaratasi? Nikatafuta kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko, nikawa nahifadhi.

Kopo lilipojaa nikapanga dawa kwa rangi. Nyekundu na nyeusi zikawa za koo na kifua. Za njano zikawa za majipu na vidonda. Zile nyeupe ndefu zenye mstari katikati zikawa za tumbo. Utaratibu huo nilifundishwa na nani? Na akili yangu mwenyewe. Jirani mmoja alimeza za njano, jipu likapasuka likakauka, basi njano ni ya majipu, imeisha hiyo.

Mgonjwa wangu mkubwa alikuwa Mzee Povu. Hewa ikibadilika kidogo tu, yeye pua inabubujika.

"Daktari, nipatie rangi mbili," ananiambia huku anajifuta kwa shuka la mteja.

"Acha kwanza shuka la watu! Haya, chukua nne. Mbili leo, mbili kesho."

Siku ya sita au ya saba namkuta anapiga mluzi, pua imekauka. "Daktari, mkono wako una baraka," anasema mbele ya wateja, na mimi kichwa kinavimba hata kofia ya kazi inanibana.

Sasa nije kwa mama mkwe, maana habari yenyewe ni yake.

Mama mkwe wangu ni msusi. Tunaishi nyumba moja, yeye, mimi, mume wangu fundi viatu na watoto wetu wawili, na chumba cha mbele ndicho ofisi yake. Ana kiti cha kukalia yeye, kigoda cha kukalia mteja, na kitana chake cha mkia mrefu mwembamba wa kugawia mistari. Umri wake haujui vizuri, lakini wapo wanawake aliowasuka wakiwa wanasoma madarasa ya kwanza, na leo wanamletea wajukuu. Ukikaa mbele yake utasikia kidole gumba cha mkono wa kulia kinabana shina la nywele, na ukitoka hapo nyusi zimepanda, lakini mistari yako imenyooka na watu barabarani watakuuliza nani kakusuka.

Mimi na yeye tulikuwa tukipendana kwa kugombana. Yeye akisema chai ina sukari nyingi, mimi nasema ulimi wake umezeeka. Mume wangu akisikia hivyo anachukua nyundo yake na kiatu chochote kilicho karibu, hata kama hakina kasoro, anaanza kukigonga.

Siku moja mkia wa kitana ukamchoma pembeni mwa kucha, kwenye kidole gumba hichohicho. Kesho yake kikavimba kikawa chekundu, kikapwita. Kila mtu anaujua mdudu wa kidole. Nilipotoka kazini nikamletea dawa za njano kwenye karatasi.

"Zimetoka wapi hizi?" akauliza.

"Kazini."

"Kazini kwako siku hizi ni hospitali?"

"Mama, usinichokoze. Mbili asubuhi, mbili jioni. Meza."

Akanitazama, akatazama vidonge, akameza. Siku ya tatu uvimbe ukapungua. Nikamwambia, "Basi acha, kidole kimepona. Vilivyobaki tutaviweka akiba, dawa ikizidi inachosha mwili." Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyesomea, na vidonge vitatu vikarudi kwenye kopo.

Baada ya siku tisa kidole kikavimba upya, kikubwa kuliko mwanzo. Nikampa tena. Kikapungua kidogo, tukaacha. Wiki iliyofuata kikarudi kwa mara ya tatu, na sasa nikamwongezea jeshi, njano pamoja na nyekundu na nyeusi. Safari hii hakikusogea hata kidogo. Ngozi ilikuwa inang'aa, na kwa chini palikuwa na rangi ambayo sikuipenda.

"Mpeleke mama hospitali," mume wangu akasema.

Ebo! Nikamwakia pale pale. "Miaka kumi na tisa natibu watu, leo wewe wa kupiga viatu misumari ndiye wa kunifundisha dawa?" Akachukua nyundo. Na mama mkwe naye akasema, "Kinapwita kidogo tu, mwanangu, usimgombeze mwenzako." Akakificha kidole ndani ya kitambaa.

Lakini jambo moja lilinichoma, nikajifanya sikuliona. Mama alianza kuwaambia wateja waje wiki ijayo. Mama huyu aliyewahi kusuka akiwa na homa, aliyewahi kusuka siku ile paa linavuja na ndoo iko katikati yao, leo anasimama mlangoni anasema wiki ijayo, halafu anarudi kukaa na kigoda kitupu mbele yake. Msusi ni kidole gumba. Macho yakififia atapapasa, miguu ikichoka atakaa, ila kidole gumba kikimtoka hana kazi tena. Niliyajua hayo, na bado nikaenda kazini kutafuta rangi nyingine.

Na nikaipata. Jumatatu asubuhi, ndani ya koti jeupe, nilikuta vidonge kumi vya bluu na nyeupe, vimefungwa vizuri kwenye karatasi yake ya fedha, hakuna hata kimoja kilichotolewa. Koti lenyewe la nani? La mfamasia, binti wa duka la dawa la kona, ambaye makoti yake nayapiga pasi kila wiki. Moyo ukaniruka kwa furaha. Dawa iliyotoka mfukoni mwa mfamasia mwenyewe, itakosaje kuponya? Nikaitia kwenye mfuko wa aproni yangu, nikawa naimba huku napiga pasi.

Saa tano akaja kuchukua makoti yake.

"Shikamoo mama. Samahani, hamkuona vidonge kwenye koti langu?"

Mungu wangu! Miaka kumi na tisa, na huyu ndiye mteja wa kwanza kuulizia vidonge. Nikavitoa mfukoni taratibu.

"Afadhali!" akasema, akashika kifua. "Mteja mmoja alivirudisha dukani, muda wake wa matumizi umepita. Nilikuwa navipeleka kuharibiwa nikavisahau. Nilikuwa na wasiwasi mtu asije akavimeza."

"Hapana," nikasema, "bado."

Bado! Mdomo ukaniponza. Binti akaacha kukunja makoti, akaniangalia.

"Bado, mama? Alikuwa avimeze nani?"

Kwanza nikawa mkali, maana ndivyo nilivyo, nikikosea nagomba. Nikamwambia yeye ni mtoto mdogo, nikamwambia watu wananishukuru, nikamwambia amuulize Mzee Povu. Yeye hakugomba. Alisubiri nimalize, kisha akasema kwa adabu, "Naomba unionyeshe dawa zako, mama." Nikaenda kuleta kopo, maana kwa kweli nilitaka aone nilivyopanga.

Alimimina zile za njano juu ya meza yangu ya pasi, akazigawa kwa ncha ya kalamu.

"Mama, hapa kuna dawa za aina nne. Hii ni antibayotiki. Hii ni vitamini. Hii ni ya kushusha presha. Na hii siijui, imelowa, maandishi yamefutika."

"Ya presha?" Mzee Povu akatokea nyuma ya mashine na povu mpaka viwikoni. "Ndiyo maana siku ile ya jipu nilishikwa na kizunguzungu nikakumbatia kikapu cha nguo! Nilidhani ni uzee!"

Mfamasia alijizuia kucheka, akashindwa. Mimi sikucheka.

"Lakini mafua yangu yalipona," Mzee Povu akanitetea, Mungu ambariki. "Huyu mkono wake una baraka."

"Yalikuwa yanapona baada ya siku ngapi, mzee?"

"Sita. Saba."

"Na ukikosa dawa?"

Mzee Povu akafikiri, akajikuna shingo. "Ile mara Daktari alipokuwa likizo... kama wiki hivi."

Tukatazamana.

"Mafua yanaletwa na virusi," binti akasema. "Antibayotiki inaua bakteria tu, virusi haviguswi. Mama, mteja akikuletea shati lenye tundu, utalipaka dawa ya madoa?"

"Nina wazimu? Tundu ni la kushonwa, si la kufuliwa."

"Ndiyo hivyo. Madoa ni kitu kimoja, tundu ni kingine. Antibayotiki ni ya madoa, na hata madoa nayo yana dawa zake tofauti. Ndiyo maana daktari anapima kwanza."

Nikaanza kunywea. Ila bado nilikuwa na neno moja. Nikamweleza habari za kidole cha mama, jinsi za njano zilivyofanya kazi mara ya kwanza, kikasinyaa siku ya tatu tukaacha dawa, halafu kikarudi, na tukafanya hivyo mara tatu. Nilidhani hapo nimemshinda. Uso wake ukabadilika.

"Siku ya tatu mliacha?"

"Si kilikuwa kimepona!"

"Mama, wewe ni fundi wa pasi. Doa likitoka nusu, ukapiga pasi juu yake, inakuwaje?"

Swali hilo hata mtoto wa dobi analijua. Doa la nusu likipigwa pasi limeganda, utalisugua mpaka nguo ichanike na lenyewe lipo. Wapya wote wanaokuja kazini kwetu nawafundisha hilo siku ya kwanza, na asiyesikia namtoa mezani.

"Wale wadudu dhaifu wanakufa mwanzoni," akasema polepole. "Ndiyo maana kidole kinasinyaa na mtu anadhani amepona. Wanaobaki ni wale wabishi. Ukiacha katikati, wanazaana, na watoto wao dawa ile wameshaizoea. Tunauita usugu. Mpeleke mama leo hii. Si kesho."

Nikaizima pasi. Sikumuaga bosi, sikuvua hata aproni. Njia nzima nilikuwa najitukana kwa sauti, na watu walinipisha.

Hospitali, daktari wa kweli alikifungua kitambaa. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani, wa maneno machache. Alibonyeza kidogo tu, mama akavuta pumzi kwa meno.

"Kimekuwa hivi muda gani?"

"Wiki tano," nikasema.

"Wiki tano mlikuwa wapi?"

Akanitazama mimi. Nilitamani ardhi ipasuke. Na mama mkwe, ambaye hajawahi kuniachia hata kosa la chumvi, akasema, "Ni mimi mwenyewe nilichelewa. Wazee tuna uoga." Sikuthubutu kumwangalia.

Daktari akaeleza bila kuzunguka. Watapasua watoe usaha, usaha upelekwe maabara wajue ni wadudu gani na dawa gani inawaweza. Watapiga picha waone mfupa. "Kama wamefika kwenye mfupa," akasema, "itabidi tuzungumze habari ya kukata."

"Kukata kucha?" mama akauliza.

"Kidole, mama."

Mama akakitazama kidole chake muda mrefu. Kisha akasema, "Basi nitabaki nasuka nusu kichwa, nusu nyingine wamalizie makwao." Akacheka mwenyewe. Mimi niliogopa, nasema wazi, niliogopa kuliko siku zote nilizojifungua. Nikatoka nje ya chumba nikaegemea ukuta na aproni yangu ya kazi, nikalia.

Picha ilikuja siku hiyohiyo, mfupa haujaguswa. Lakini daktari alisema mambo yanategemea majibu ya maabara, siku tatu. Siku tatu hizo sitaki kuzikumbuka. Mume wangu aligonga viatu vya mtaa mzima. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na ingekuwa afadhali angenilaumu, maana ningepata wa kugombana naye. Mwisho nikamwambia, "Nisamehe, ulisema tangu mwanzo." Akashusha nyundo, akasema, "Mwombe mama, kidole si changu mimi." Halafu akanitengea chai.

Siku ya tatu daktari akatuita. Alikuwa na karatasi yenye orodha.

"Tulijaribu dawa sita dhidi ya wadudu waliotoka kwenye kidole hiki. Nne wamezishinda." Akaweka kalamu kwenye mstari wa kwanza. "Hii ndiyo ambayo watu huimeza hovyo, ile ya vidonge vya njano. Hawaijali kabisa. Zimebaki mbili. Moja ni ya sindano, ya kulazwa. Nyingine ni hii, tutaanza nayo. Asubuhi na jioni, siku kumi. Si tisa. Hata kidole kikipendeza siku ya nne, ni siku kumi."

"Siku kumi," nikarudia, kama mtoto anayefundishwa kuhesabu.

Nawaambieni, siku kumi hizo mama mkwe wangu alikuwa na askari magereza. Nilichora mistari ishirini kwenye karatasi, nikaibandika ukutani, akimeza kimoja nafuta mmoja. Siku ya tano kidole kilikuwa kimesinyaa, rangi imerudi. Mama akanipigia jicho la utani.

"Mwanangu, kimepona. Tuache, vilivyobaki tuviweke akiba. Dawa ikizidi inachosha mwili."

Sauti ilikuwa yangu mimi kabisa, mpaka ile ya puani ya kujifanya nimesomea. Watoto walianguka chini kwa kicheko.

"Meza!" nikasema.

Siku ya saba jirani akaja, koo linamkereketa, amesikia kwetu kuna dawa kali ya hospitali. Anaomba viwili tu. Zamani ningempa vinne na maelezo. Safari hii nilimwambia hizi ni za mama, za kidole, zimehesabiwa, na koo lake aende akapimwe. Akasema nimekuwa mchoyo. Nusura nimtoe kwa ndala. Lakini baada ya hasira kushuka nilimfuata kwake, nikamweleza yote tangu mwanzo, hata aibu zangu, na jioni ile akaenda zahanati. Koo lake lilikuwa la virusi, akarudi na ushauri wa kusukutua maji ya chumvi, ananung'unika kwamba amepoteza muda.

Kazini nako mambo yalibadilika. Mfamasia aliondoka na dawa zote za kopo kwenda kuharibiwa, na akatuomba kila tutakachokuta mifukoni tumpelekee yeye. Mzee Povu alipopata mafua yake ya kawaida nilimpa maji ya moto na kitambaa chake mwenyewe cha pua.

"Na dawa?" akauliza.

"Dawa ni wiki moja."

Alilalamika siku sita. Ya saba akapiga mluzi. Siku hizi ananiita Daktari Hapana, na wateja wamelidaka jina hilo. Siwezi kusema sikuumia mwanzoni. Nilizoea kuulizwa, nilizoea kushukuriwa, na mtu akizoea kuitwa mganga, kurudi kuwa mpiga pasi tu kunauma.

Siku ya kumi mama alimeza kidonge cha mwisho mbele ya familia nzima, akatoa ulimi nje niukague. Tulirudi hospitali. Daktari alikikunja kidole, akakinyoosha, akakibonyeza hapa na pale, kisha akasema, "Nenda kafanye kazi, mama." Kucha imeota imepinda upande mmoja na kovu lipo, lakini kidole ni kizima.

Tulipofika nyumbani mama akakaa kwenye kiti chake cha chumba cha mbele. Akachukua kitana. Nikadhani atamwita mmoja wa wateja waliokuwa wakisubiri wiki ijayo karibu mwezi mzima. Akanionyesha kigoda.

"Kaa."

"Mimi?"

"Nataka kujaribu kidole. Nikiharibu, bora niharibu kichwa cha ndani ya nyumba."

Miaka kumi na minne nimeolewa humu ndani na sijawahi kukaa kwenye kigoda kile. Nilikuwa nasukwa mtaa wa pili, tena nikisema hadharani kwamba mkwe hampi mkwe kichwa. Nikakaa. Akagawa nywele, akaweka kidole gumba kwenye shina, akabana. Mama yangu wee! Kidole kilikuwa kimepona sawasawa.

Mstari wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha. Nikaona hapo ndipo pa kusema, maana hanioni uso.

"Mama, nisamehe. Kidogo nikupotezee kidole."

"Hm."

"Na wewe ulijua zile dawa hazina maana, au hukujua?"

"Nilijua. Zilikuwa zinanuka sabuni ya kufulia. Moja ilikuwa na uzi."

Nikageuka, akanirudisha kichwa kwa nguvu. "Sasa kwa nini ulimeza, mama? Wewe unayekataa hata chai yangu!"

Akasuka kidogo kwanza. Kidole chake kilikuwa juu kidogo ya sikio langu.

"Wewe ni mtu wa mbio," akasema. "Asubuhi mbio, jioni mbio, mlangoni kwangu unapita tu kama upepo, tunagombana ukiwa umesimama. Ulipokuwa unaniletea vidonge ulikuwa unakaa kitandani kwangu. Unanishika mkono, unaniuliza nimeamkaje. Nikaona, vidonge vya mfukoni vitanifanya nini, vina baya gani? Ningevikataa usingekaa."

Machozi yakanitoka yakaingia mdomoni. Mama akaona mabega yananitikisika, akalegeza mkono.

"Nimekuvuta sana?"

"Ndiyo, mama. Unavuta sana."

"Vumilia. Imebaki mistari minne."

Nikajifuta uso kwa kiganja, nikakaa vizuri kwenye kigoda, nikamwambia hata ikibaki kumi, leo sina haraka.